Glaida za kadeti zinaweza kufundisha Unguja bila ya kuruka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme machache kuhusu glaida, yaani ndege zisizo na injini, za aina ile ya zamani ya mbao na kitambaa ambayo kadeti wa anga wa Uingereza walijifunzia kwa zaidi ya miaka 40. Zikitajwa siku hizi hutajwa kwa mapenzi: upepo usoni, ukimya wa juu, harufu ya dopu, ile rangi ya kukazia kitambaa. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Ila wapo walimu katika skuli na vyuo vyetu wanaotaka vijana waijue elimu ya anga kwa mikono yao, na sifa za namna hiyo haziwasaidii. Wao wanataka kujua vyombo vile vilifundisha kwa njia gani, na katika njia hiyo kipi kinawezekana Unguja na kipi hakiwezekani. Rai yangu ni hii: kuruka kusitushughulishe kwa sasa. Tuchukue hatua ya mwanzo kabisa ya mafunzo yale, ambayo glaida haiondoki ardhini. Hatua hiyo inatufaa kuliko ilivyowafaa wao, maana sisi tuna kusi.

Kwanza historia, kwa ufupi. Air Training Corps, kikosi cha mafunzo ya anga kwa vijana wa Uingereza, kiliundwa Februari 1941, vita vikiwa vimepamba moto, na haukupita muda mrefu kikaanza kurusha glaida. Chombo cha mwanzo kilikuwa Kirby Cadet, kilichobuniwa na kiwanda cha Slingsby cha Yorkshire katika miaka ya 1930. Jeshi la anga likakiita Cadet TX.1. Kilikuwa na kiti kimoja tu. Mwanafunzi alikuwa peke yake tangu siku ya kwanza, na mwalimu alibaki chini, akitoa maelekezo kabla na lawama baadaye.

Ili jambo hilo lisiue watu, mafunzo yalikatwa vipande vidogo. Mwanafunzi alikaa kwanza kwenye glaida iliyosimama, pua ikitazama upepo, akaambiwa ayaweke mabawa sawa kwa fimbo ya kuongozea tu, bila ya mtu kushika ncha. Akishaliweza hilo alivutwa taratibu kwa winchi, mashine ya kukunja waya, ubao wa tumbo ukisugua majani, bila ya kunyanyuka. Kisha akaruka kimo cha mita 1 au 2 na kutua mbele yake hapo hapo. Kimo kikaongezwa kidogo kidogo, na mwisho ndipo akaruhusiwa kukata kona. Cheti cha A, cheti cha mwanzo cha kuruka glaida, kilitaka aruke moja kwa moja kwa sekunde 30 na atue salama. Katika hatua hizo za mwanzo aliyeshika roho ya mwanafunzi ni dereva wa winchi, kwani ndiye aliyeamua nguvu gani ifike kwenye waya. Akizidisha kidogo, mruko wa mita 2 unakuwa wa mita 10, na aliyeko juu hajafundishwa namna ya kushuka kutoka huko. Nyingi katika winchi hizo zilikuwa za maputo yaliyolinda miji wakati wa vita, zikageuzwa kazi.

Baada ya vita mtindo huo uliachwa, vilipokuja vyombo vya viti viwili. Sedbergh TX.1, yenye bawa la mita 16 na nusu kutoka ncha hadi ncha, ilimkalisha mwalimu na mwanafunzi bega kwa bega. Cadet TX.3, bawa mita 13, iliwakalisha mmoja nyuma ya mwengine. Zote mbili zilikuwa wazi juu, mabawa yameshikiliwa na nguzo za pembeni, na zilitumika hadi katikati ya miaka ya 1980 zilipopokewa na glaida za faiba. Pembeni ya hizo kulikuwa na Grasshopper, na hii ndiyo inayotuhusu. Iligawiwa skuli zenye vikosi vya kadeti. Haikuwa na bodi wala chumba cha rubani: fremu ya mbao, kiti cha wazi, bawa la karibu mita 12, mkia na waya. Umbo lake lilifuata SG 38 ya Wajerumani, chombo cha mwaka 1938 kilichoundwa kwa maelfu. Ilitolewa stoo, ikaunganishwa kiwanjani, ikafyatuliwa kwa kamba ya mpira, ikaruka hatua chache na kutua.

Ufyatuaji wenyewe ulikuwa hivi. Kamba ya mpira ilikuwa na pete katikati, na pete ikavikwa kwenye ndoano ya pua. Ncha mbili za kamba zilishikwa na vijana waliotanuka kwa umbo la V mbele ya chombo, na mkia ulizuiwa kwa kigingi chenye kifyatulio. Amri zilikuwa tatu: tembeeni, kimbieni, achia. Ubaya wa njia hii ni mpira. Jua na mafuta huuozesha. Mchanga huingia ndani ya ala yake ya pamba na kukata nyuzi ndani kwa ndani, kwa nje huoni kitu. Upande mmoja ukikatika wakati kamba imevutika, ncha hurudi kwa kasi ya kumvunja mtu meno. Kwa pwani yenye mchanga na jua kama letu, siishauri hata kidogo.

Kwa nini vyombo hivi vilifundisha vizuri? Vilikuwa polepole, na havikuficha kitu. TX.3 huja kutua kwa mwendo wa kilomita 75 hivi kwa saa, ambao dereva yeyote wa daladala anaujua. Aliyeketi wazi husikia upepo kwa mashavu: ukimpiga zaidi shavu la kulia, chombo kinakwenda kiubavu kuelekea kulia, na mguu wa kulia, unaogeuza usukani wa mkia, ndio wa kusukuma. Waya hulia, mlio ukipanda, mwendo umezidi, na ukififia, bawa linakaribia kupoteza nguvu ya kunyanyua. Halafu kuna kasoro moja ambayo ndege za siku hizi zimeificha kwa ubunifu, na glaida hizi huionesha waziwazi. Ukisukuma fimbo kushoto, eleroni ya bawa la kulia, yaani kile kibao cha ukingo wa nyuma, inashuka; bawa hilo linanyanyuka, lakini pia linaburuta hewa zaidi, na pua inaanza kwa kwenda kulia, kinyume cha ulivyotaka. Dawa ni mguu wa kushoto pamoja na fimbo, kwa wakati mmoja. Ukimweleza mwanafunzi jambo hili ubaoni atalikariri. Akiiona pua inakimbia upande usiotakiwa, mguu wake utajifunza wenyewe.

Sasa, kwa nini nisiseme tununue TX.3 tukaanze kuruka? Hesabu inakataa. Winchi yenye waya wa mita 1,000 hupandisha glaida kiasi cha mita 300 upepo ukiwa mdogo. Kutoka hapo chombo hushuka zaidi kidogo ya mita 1 kila sekunde, hivyo hata dakika 5 hazitimii. Kwa dakika hizo unahitaji kilomita nzima ya majani iliyonyooka, isiyo na minazi, waya za umeme, njia ya watu wala maweni ya kupasua tumbo la chombo. Niambieni iko wapi Unguja, na ikiwepo, nani ataiacha bila ya kuijenga. Karibu na pwani upepo wa bahari huleta hewa ya ubaridi chini, ikazima mikondo ya joto ambayo glaida huitegemea kupanda, kwa hiyo dakika 5 haziongezeki. Ndege za kwenda na kutoka uwanja wa Kisauni zinapita mchana kutwa. Na chombo chochote kitakachomnyanyua mtu kutoka ardhini ni chombo cha anga. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania itataka nyaraka zake na za rubani, na ni haki yake.

Liko pia suala la waya kukatika. Glaida ya mbao ni nyepesi na inaburuta hewa sana. Waya ukikatika pua ikiwa juu digrii 40, mwendo hukwisha katika sekunde chache mno. Utaratibu ni pua chini kwanza, chini hasa kupita upeo wa macho. Kungoja mwendo urudi. Kuvuta kitasa cha kuachia waya mara mbili. Na hapo ndipo kuamua kutua mbele au kugeuka. Anayegeuka kabla ya mwendo kurudi huangukia bawa moja. Kumfikisha kijana mahali pa kulifanya hilo bila ya kufikiri kunataka mwalimu aliyekwisha kuwafundisha wengi, na hapa hatuna.

Kinachowezekana ni kuweka bawa kwenye kiegemeo. Wajerumani waliifanyia SG 38 hivyo: waliiweka kwenye jukwaa la kuyumba, pua ikikabili upepo, mwanafunzi akakaa na kuyaweka mabawa sawa kwa mkono wake. Kwao ilibidi wangoje siku ya upepo mzuri. Sisi kuanzia Juni hadi Septemba kusi hutupigia pwani ya mashariki, Makunduchi, Jambiani, Paje, siku baada ya siku, ukitoka baharini bila ya kizuizi. Kaskazi ya Disemba hadi Februari nayo inafaa kwa upande wa Nungwi na Matemwe, ingawa haina uthabiti ule. Pemba ina taabu kidogo. Vilima na mikarafuu huuvunja upepo ukaja kwa vipande, isipokuwa kwenye ufuo ulio wazi. Kanuni ya kuchagua mahali: ukiwa na jengo au safu ya mivinje upande upepo unakotoka, kaa mbali nalo mara 10 ya urefu wake. Mvinje wa mita 15 unataka mita 150. Chini ya hapo upepo unakuwa wa mizunguko, na mwanafunzi anapigana na mivinje badala ya kujifunza fimbo.

Nguvu ya upepo ipimwe kwa mita ya mkononi, kama wanayotumia wachezaji wa tiara za baharini pale Paje, wala isikisiwe kwa macho. Chukua chombo cha vipimo vya SG 38: bawa la mita mraba 16, uzito kilo 105 hivi. Upepo wa kilomita 30 kwa saa, bawa likiwa limeinuliwa pua kwa kiasi, unanyanyua karibu kilo 70. Ukifika 36 ni karibu kilo 100. Ukifika 47 ni kilo 165, ambao ndio uzito wa chombo pamoja na kijana wa kilo 60. Yaani kinaruka, umetaka hujataka. Nguvu huongezeka kwa mraba wa mwendo, ndiyo maana kuvuma kwa ghafla kwa sekunde 2 kunatisha kuliko wastani. Kwa hivyo kazi ifanywe kati ya kilomita 20 na 30. Chini ya 20 eleroni hazina nguvu na mwanafunzi anazoea kuvuta fimbo kupita kiasi. Ikigonga 30 mara mbili ndani ya dakika moja, mteremshe, funga fimbo kwa kamba, tia mifuko ya mchanga juu ya kiti.

Kiegemeo chenyewe ni kazi ya karakana yoyote ya magari. Bomba zito la chuma la inchi 4 lisimikwe katika zege. Shimo la mita 1 kila upande likijazwa lina uzito wa tani 2 na ushei, na hilo halitong'oka. Juu ya bomba iwekwe habu ya gurudumu la gari yenye beringi zake, ili chombo kigeuke kushoto na kulia. Juu ya habu iwekwe krosi ya propela shafti, inayoruhusu kuinama mbele, nyuma na pembeni. Ugumu uko kwenye kimo cha krosi ukilinganisha na kitovu cha uzito wa chombo na mtu wake. Krosi ikiwa chini ya kitovu, chombo hulala upande mmoja kisiinuke. Ikiwa juu sana, hujisawazisha chenyewe na mwanafunzi hajifunzi kitu. Inatakiwa juu ya kitovu kwa sentimita chache tu, na hupatikana kwa kujaribu: mkalishe mtu siku isiyo na upepo, inamisha bawa, liachie, likirudi polepole sana, hapo ndipo. Wanafunzi hawalingani uzito, kwa hiyo weka kisanduku puani cha kutilia vifuko vya mchanga vya kilo 2 mpaka chombo kikae sawa mbele na nyuma. Kila anayepanda apimwe upya. Hili husahauliwa sana, na matokeo yake mtoto mwepesi hukaa pua ikiwa juu, bawa likinyanyua kuliko ilivyohesabiwa.

Mwendo wa kuinama uzuiwe kwa kamba zenye kipande cha mpira wa gari, digrii 15 kila upande, na mnyororo wa akiba utoke kwenye fremu hadi kwenye bomba. Bawa la mita 5 na ushei kila upande likiinama digrii 15, ncha hushuka mita 1.3 na zaidi. Jukwaa liwe na kimo cha kutosha ncha isifike chini, na duara lote la mabawa lizungushiwe kamba watazamaji wasiingie.

Mbao. Glaida za asili ziliundwa kwa sprusi, yenye uzito wa kilo 400 na ushei kwa mita ujazo. Msaji wetu unakaribia 650, mvinje unapita 800. Ukiunda bawa kwa mvinje umeunda jahazi. Paina ya msitu wa Sao Hill, kule Mufindi, iko karibu na sprusi kwa uzito na kwa kazi ya ardhini inatosha, ila ichaguliwe ubao kwa ubao. Isiwe na vifundo. Nyuzi zisikengeuke zaidi ya sentimita 1 katika kila sentimita 15 za urefu. Usizitazame nyuzi kwa rangi ya ubao, inadanganya: pasua kipande cha mwisho kwa patasi uone ufa unakoelekea. Maungo ya boriti kuu ya bawa yachongwe mshazari, urefu mara 12 ya unene, na yasikutane mahali pamoja mbele na nyuma.

Mafundi wa vyombo wa Nungwi wana jicho la mstari ambalo vyuo havifundishi, na ningependa kuwaona katika kazi hii. Lakini watalazimika kuacha misumari. Katika bawa gundi ndiyo inayobeba. Vipini vidogo vya shaba hushikilia tu mpaka gundi ikauke. Msumari mnene hupasua ubavu wa bawa wenye unene wa milimita 6, na ufa huo huonekana baada ya mwaka.

Basi tuje kwenye gundi, maana hapa ndipo glaida za zamani zilipofia, na kwa hewa yetu ndipo zitakapofia mwanzo. Glaida nyingi za kabla ya vita ziligundishwa kwa kaseini, itokanayo na maziwa. Ni gundi nzuri ikiwa kavu. Ikipata unyevu inaota ukungu na kuliwa, na kiungo kinaachia bila ya kutoa ishara. Zilizofuata zikatumia gundi ya urea, ambayo haiozi kwa ukungu lakini joto na unyevu kwa pamoja huikausha ikawa kama vumbi la kioo. Anayetaka kuleta chombo cha asili kutoka Uingereza akiweke Unguja ajue kwamba unyevu wa hewa hapa hukaa karibu asilimia 80 muda mwingi wa mwaka, na mbao iliyozoea kabati la huko itavimba mpaka ivute viungo vyake.

Kwa chombo kipya itumike epoksi, ambayo watengenezaji wa boti za faiba wanayo, au resosinoli kwa atakayeipata. Hazitumiwi kwa namna moja. Resosinoli inataka kiungo kilichochongwa kikakutana kabisa na jiriwa zikazwe kwa nguvu. Ikiachiwa nafasi, haishiki. Epoksi inaziba nafasi ndogo lakini ikikazwa sana hutoka yote pembeni na kiungo kinabaki na njaa. Epoksi ichanganywe kwa mizani, si kwa kukisia vikombe, na kuzidisha kikaushio hakuiharakishi. Kunaifanya iwe laini daima. Kwa joto la nyuzi 30 muda wa kufanyia kazi ni karibu nusu ya ule ulioandikwa koponi kwa nyuzi 20, kwa hiyo changanya kidogo, umwage kwenye sahani pana. Ikibaki imerundikana katika kikombe hujichemsha yenyewe mpaka itoe moshi. Unyevu wetu pia huacha utando wa kuteleza juu ya epoksi iliyokauka. Uoshwe kwa maji na kusuguliwa kwa msasa kabla ya safu inayofuata, la sivyo safu ya pili itabanduka kama ganda la yai.

Unyevu wa mbao upimwe kabla ya kugundisha. Hakuna haja ya mashine: pima kipande, tuseme gramu 115, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 mpaka uzito uache kupungua, tuseme 100, unyevu ni asilimia 15. Huo ndio wa mbao iliyokaa barazani hapa, na ni mwingi. Kati ya 8 na 12 ndio unaofaa. Mbao ziwekwe wiki kadhaa katika chumba kilichofungwa chenye taa chache za joto, ndipo zitashuka. Na kila gundi inapochanganywa, gundisha vipande viwili vya majaribio, uviandike tarehe, uvivunje kwa nyundo gundi ikishakomaa. Ufa ukipita ndani ya mbao, kazi ni nzuri. Uso wa gundi ukibaki unang'ara, safi, bila ya nyuzi za mbao, kila kilichogundishwa siku ile kivunjwe. Walimu watakaoona uchungu kuvunja kazi ya wanafunzi wasianze mradi huu.

Kitambaa ni chepesi kukieleza. Zamani ilikuwa pamba au kitani, ikakazwa kwa dopu. Kitambaa chetu cha marekani cha kawaida kingefaa kama dopu ingepatikana, lakini dopu ya nitrati inashika moto haraka, na rangi ya nyumba haikazi kitambaa. Tumia poliesta nyembamba, ibandike kwenye kingo, ishonwe kwenye kila ubavu kwa uzi uliotiwa nta, kila sentimita 8 hivi, kisha ikazwe kwa pasi isiyovuka nyuzi 175. Ikivuka, kitambaa hulegea kisirudi. Chini ya bawa, nyuma ya kila ubavu, tobolewe kitundu cha kutolea maji. Rangi iwe nyeupe. Rangi nyeusi au bluu iliyoiva hupashwa na jua la hapa kupita nyuzi 70, na epoksi iliyokaushwa bila ya tanuri imeshalainika kabla ya hapo.

Waya za kushikilia mabawa ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila kikazio kifungwe kwa waya mwembamba kisijifungue. Kuzikaza ni kazi ya futi kamba na subira: kutoka puani hadi ncha ya kushoto na ya kulia, kutoka mkiani hadi ncha zote mbili, tofauti isizidi sentimita 1. Ukikaza kwa kusikiliza mlio peke yake utapata bawa lililojipinda, na chombo kitalala upande mmoja kila siku huku mwanafunzi akidhani ni kosa lake.

Kwenye kufundisha kwenyewe, mwalimu asimame mbele kwa pembeni ambapo anaonekana, mtu mmoja akae kwenye kila ncha ya bawa, na wa nne ashike mita ya upepo asifanye kazi nyengine. Kabla ya kila mwanafunzi, fimbo ipelekwe pande zote huku watu wa nchani wakishika eleroni kwa mkono: fimbo kushoto, eleroni ya kushoto juu, ya kulia chini. Eleroni zilizounganishwa kinyume zimewaua marubani wa kweli. Kwenye kiegemeo zitakuharibia ncha ya bawa tu, lakini mazoea ni yale yale. Dakika 5 kwa kila mtu zinatosha, mkono huchoka. Aanze na eleroni peke yake, miguu ikiwa imetulia. Kisha eleveta, kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua. Kisha miguu. Mwisho fimbo na mguu pamoja, na hapo habu ya gurudumu inalipa gharama yake, kwa sababu pua iko huru kukimbia upande usiotakiwa na mwanafunzi anaiona.

Makosa yatakayoonekana ni yale yale kila mahali. Wa kwanza atashika fimbo kwa ngumi. Ashike kwa vidole. Wa pili atatazama bawa. Atazame mbele, mstari wa miamba pale mawimbi yanapovunjika, aone pua inainama vipi juu yake. Wengi watarekebisha, wangoje, waone hakuna kitu, wazidishe, na bawa likipinduka upande wa pili wazidishe tena. Waambiwe warudishe fimbo katikati kabla bawa halijafika sawa. Na watoto waliokulia kwenye vigari vya mbao vya kuendeshea kwa miguu watasukuma mguu usio sahihi, kwani katika kigari kile ukisukuma kushoto kinakwenda kulia. Katika ndege ukisukuma kushoto pua inakwenda kushoto. Hawa wapewe dakika zaidi, si ujinga wao.

Karakana za vyuo vya ufundi, mfano Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume kule Mbweni, zingeweza kuunda chombo kimoja katika mwaka wa masomo, na kikazunguka skuli za kusini na mashariki katika miezi ya kusi. Kikilala nje ufuoni hakimalizi msimu. Kila jioni chumvi ifutwe kwa kitambaa na maji ya kisima yasiyo ya chumvi, pamoja na waya na krosi. Masika yasikikute nje: mabawa yafunguliwe, yahifadhiwe yamesimama kwa ukingo wa mbele juu ya vigari vilivyotandikwa godoro, mbali na sakafu ya saruji, ndani ya banda linalopitisha hewa. Panya wazuiwe khasa. Wanajenga ndani ya bawa, na mkojo wao hula gundi na kutia vyuma kutu kwa pamoja. Mchwa utafutwe kwenye miguu ya vigari.

Mwezi wa Mei, kabla ya kukiunganisha upya, kila kiungo kigongwe kwa sarafu. Plaiwudi iliyoshika hutoa mlio mkavu. Iliyoachia hulia mvungu, na hapo kitambaa kikatwe, kiungo kifunguliwe, hata kama msimu utaanza umechelewa wiki tatu. Aliyegonga aandike tarehe na mahali alipogonga katika daftari la chombo, na mwengine apite nyuma yake na sarafu nyengine.

Msomaji wako,
Mbweni, Unguja